Estill Ray Napier na Kanda Kumi na Mbili za Oma

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka Dayton mkapita mlimani na ukungu ule: haya ndiyo maisha ya marehemu Estill Ray Napier, kama yalivyoandikwa na mkwewe, Lonnie Hall, kwa idhini ya mjane. Idhini yenyewe haikupatikana kirahisi. Karatasi ya kwanza Mama Verlie aliisoma akiwa amesimama, akairudisha papo hapo. "Umeandika habari za malaika," alisema. "Mimi sikuolewa na malaika. Andika na lile jambo la kanda, tena uliandike lote, maana nusu ya watu watakaokaa pale wanalijua nusu nusu." Kwa hiyo jambo la kanda limo. Asiyependa kulisikia mazishini amlalamikie mjane, mwandishi ametumwa tu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Novemba 1941, katika bonde la Laurel Branch, maili sita juu ya mji wetu wa Harlow Gap, mashariki ya Kentucky. Alikuwa mtoto wa sita kati ya tisa wa marehemu Green Napier, mchimba makaa ya mawe, na marehemu Rhoda Napier. Alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya betri ya mama yake, moja tu iliyokuwapo bonde zima, akaitandaza juu ya kitanda kipande kwa kipande. Bibi Rhoda alipoingia akaona, hakumpiga. Alisema tu, "Redio isipoimba kabla baba yako hajatoka mgodini, utaimba wewe." Redio iliimba. Skrubu mbili zilibaki, na hadi leo hakuna ajuaye zilikuwa za wapi.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Laurel Branch, kisha sekondari ya Harlow Gap, akamaliza Mei 1959. Alitaka kucheza mpira wa kikapu, kama kila mtoto wa kiume wa milima hii, lakini kimo kilimnyima. Marehemu Kocha Burley Deaton alimpa daftari la pointi. "Wewe huwezi kufunga," alimwambia, "basi andika wanaofunga." Estill aliandika misimu mitatu bila kukosa mechi. Mwaka 1960 alihamia Dayton, Ohio, kama walivyofanya nusu ya wakwe zangu: mchana kiwanda cha friji, jioni masomo ya ufundi wa redio. Kila Ijumaa alirudi nyumbani kwa gari, kila Jumapili akaenda tena analia. Alipopata cheti, Februari 1962, alirudi moja kwa moja na hakuondoka tena.

Aliajiriwa fundi mitambo wa kituo cha redio cha Harlow Gap, chini ya mwenye kituo, marehemu Creed Asher, na alikaa hapo miaka arobaini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 2004. Alipanda mnara wakati wa theluji. Alisoma matangazo ya vifo mtangazaji alipokuwa amelewa, na nyote mnamjua mtangazaji huyo, hatumtaji. Mambo ya kusifu kazini mwake ni mengi. Lakini Mama Verlie amepiga mstari chini ya mwaka 1966, kwa hiyo twende huko.

Wazee hawahitaji kuambiwa Oma Sizemore alikuwa nani. Kwa wajukuu: alikuwa dada mkubwa wa Mama Verlie, mshonaji wa kiwanda cha mashati, na mwimbaji wa muziki wa kantri ambaye hamjamsikia mwenzake. Tangu 1961, kila siku ya kazi saa kumi na mbili na robo asubuhi, aliimba redioni robo saa, yeye na gitaa lake, kwa hisani ya kampuni ya unga wa ngano. Kwa kuwa asubuhi alikuwa kiwandani, vipindi vya wiki nzima alivirekodi Jumamosi mchana, na aliyekuwa akiwasha mashine ni Estill. Mara nyingine alikuja na mdogo wake Verlie amwimbie sauti ya pili. Nashville walimrekodi mara moja tu, nyimbo mbili, wakamwekea vinanda vingi hadi sauti ikazama. Oma alitoka huko amekasirika. Ila bwana mmoja wa kampuni ya sahani za santuri kule Cincinnati alimwandikia kwamba angependa kumsikia akiwa na gitaa peke yake, na kwamba angekuja Juni 1966. Kanda zote za redio zilikuwa zikirekodiwa na kurekodiwa tena juu yake, hivyo Oma alichagua kumi na mbili, vipindi ishirini na vinne, akazitia kwenye sanduku na kuandika juu kwa mkono wake: "Zisifutwe. Oma."

Machi mwaka huo timu ya Harlow Gap, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ilishinda mkoa ikaenda kucheza mashindano ya jimbo kule Louisville. Mji ulipata wazimu. Duka la dawa lilifungwa. Mchungaji alihamisha ubatizo. Bwana Asher alimwagiza Estill anunue kanda mpya Lexington ili mechi zirekodiwe na kurudiwa redioni, na Estill, kwa furaha ya kushangilia barabarani na wenziwe, alisahau. Alikumbuka Jumanne asubuhi, tarehe 15 Machi, gari likiwa nje linapiga honi na mke wa kocha, Bibi Nova Deaton, amechungulia dirishani.

"Estill! Unakuja, au tukuache uwatangazie panya?"

"Nakuja, nakuja! Nachukua kanda!"

Alisimama stoo mbele ya lile sanduku. Akalisoma. Akajiambia, Oma anaimba kila Jumamosi, ataimba tena. Mashindano ya jimbo yatakuja tena lini? Akalibeba. Kanuni ya kituo ilikuwa kila kanda ipitishwe kwanza kwenye sumaku kubwa ya kufutia, ikae tupu kabisa. Honi ililia tena. Hakuipitisha hata moja.

Tulishinda mechi mbili na kufungwa ya tatu kwa pointi mbili. Kanda zilirudiwa redioni, kisha kocha akaziomba, akaenda nazo kwake. Tarehe 24 Mei, Jumanne, lori la makaa lilikosa breki kwenye kona ya Pine Gap likamgonga Oma akienda kiwandani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Bwana wa Cincinnati alikuja Juni, badala ya kusikiliza akatoa pole, na akauliza kama kanda zile zipo. Creed Asher alitafuta rafu kwa rafu mbele ya Mama Sizemore, mama mzazi wa Oma, na Verlie. Hakuona kitu. "Redio ni yangu," alisema, "kosa ni langu." Estill alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Alimwacha alibebe kosa hilo. Mama Sizemore hakumpa Asher mkono tena hadi mama huyo alipokufa, na Asher naye akafa mwaka 1983 akijulikana mji mzima kama mtu aliyemfuta Oma.

Marehemu alifunga ndoa na Verlie Sizemore Jumamosi tarehe 14 Juni 1969, katika kanisa la Baptisti la Laurel Branch. Uchumba wao ulipitia televisheni ya Mama Sizemore, ambayo iliharibika mara nne ndani ya miezi miwili, kila mara ugonjwa uleule. Mara ya nne Verlie alimvizia, akamwona akilegeza waya mwenyewe kabla ya kuondoka.

"Bwana wewe, ukitaka kuja tena si useme tu?"

"Nikisema utakubali?"

"Sijui. Jaribu. Lakini waya wa mama yangu uache."

Walikwenda matembezi mara ya kwanza hadi darajani. Na hapo Verlie, ambaye hakujua anaongea na nani, alimwambia Estill kwamba angeweza kuishi na mwanamume yeyote, mlevi, maskini, hata mtu wa Ohio, isipokuwa yule aliyechukua kanda za dada yake. Estill aliangalia maji. Mzee mwenyewe alimsimulia mwandishi, miaka mingi baadaye, kwamba alifungua mdomo mara mbili pale darajani na mara mbili akaufunga, na kuanzia hapo kila mwaka uliopita uliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kutamkika. Walijaliwa watoto wawili, Tressa na Dwight. Walijenga nyumba. Alikuwa mume mwema, hapo Mama Verlie hakupiga mstari. Ila kila tarehe 24 Mei, mkewe alipokwenda kaburini kwa Oma, Estill alipata kazi ya mnara. Sote tulidhani ni mtu asiyependa makaburi.

Alipostaafu aligeuza chumba cha chini cha nyumba kuwa karakana. Watu walimletea kanda za harusi, za mahubiri, za babu zao wakipiga fidla, akazihamisha kwenye kompyuta na kuzisafisha. Jumatatu tarehe 14 Septemba 2009 Bibi Nova Deaton, ambaye Mungu amemweka na yuko nasi leo safu ya pili, alileta sanduku la viatu lililojaa kanda.

"Hizi ni za Louisville," alisema. "Burley alizificha kabatini miaka yote, nilidhani ana barua za mwanamke. Vijana wa timu ile wanakutana mwakani, wanataka kusikia mechi."

Vijana wenyewe walikuwa na miaka sitini na ushee. Estill alilipokea sanduku kama mtu aliyepewa nyoka. Angeweza kukataa, angesema mashine mbovu. Lakini hakuwahi kumkatalia mtu kazi, na Nova alikuwa ameshakaa anangoja kahawa.

Jumatano aliweka kanda ya kwanza. Zilikuwa zimekauka, zinanuka siki, viungo vimeachia. Aliunganisha moja moja kwa mikono. Mechi ikasikika, safi, kelele za uwanja na yote. Ilipoisha akafanya ambalo kila fundi hufanya bila kufikiri: akaigeuza, aone kama upande wa pili una kitu. Ikatoka sauti ya mwanamke ikienda kinyumenyume.

Aliizima. Kisha akaiingiza kwenye kompyuta, akaigeuza iende mbele, na Oma Sizemore akamwambia habari za asubuhi.

Ilikuwa hivi. Mashine kubwa ya kituo iliandika sauti kwenye upana mzima wa kanda, ikienda upande mmoja tu. Mashine ndogo waliyokwenda nayo Louisville, ndiyo hiyohiyo iliyotumika kuzirudia redioni, iliandika nusu ya juu peke yake, kama kaseti zile zenye pande mbili. Mechi ililala juu, Oma akabaki chini, mzima. Kama Estill angefuata kanuni akazipitisha kwenye sumaku, asingebaki. Kama angezichukua mtu mwingine yeyote kwa jambo lingine lolote, zingetupwa siku nyingi. Lakini katika milima hii hakuna mtu atakayetupa kanda ya mashindano ya jimbo, hata akihama nyumba mara kumi, na kocha hakuwa tofauti.

Kwenye kipindi cha pili kulikuwa na sauti ya pili. Alikuwa Verlie, wa miaka kumi na tisa.

Siku kumi na moja Mzee Estill alikaa chini kule na hedifoni, hata chakula hali vizuri. Alijua njia ilikuwapo. Angewapa vijana mechi yao, angemrudishia Nova sanduku, na hakuna binadamu ambaye angegeuza kanda zile tena. Ndoa yake ya miaka arobaini ingebaki vilevile. Au angempa mkewe sauti ya dada yake, na mkewe angeuliza ilitoka wapi.

Jumapili tarehe 27 Septemba, baada ya kanisa, maharage na mkate wa mahindi vikiwa mezani, alisema, "Verlie, kaa kidogo."

"Nimekaa na wewe miaka arobaini. Sema, chakula kinapoa."

Akasema yote. Alipomaliza, Mama Verlie aliuliza maswali manne, na Mama ametaka yaandikwe kama yalivyokuwa.

"Sanduku lilikuwa na maandishi?"

"Lilikuwa nayo."

"Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Bwana Asher alijua?"

"Hakujua."

"Na Oma?"

Hapo Estill alilia. "Aliniuliza. Jumamosi ile tuliporudi kutoka Louisville, aliona rafu tupu. Nikamwambia nimeziweka pahali salama zaidi. Akaniambia asante, Estill."

Mama Verlie aliinuka, akazima jiko, akachukua mkoba na koti la kanisani. Mlangoni aligeuka. "Miaka arobaini na mitatu," alisema. "Fundi mzima, na kanda ziko maili mbili kutoka hapa, na hukuwaza hata siku moja kwenda kuzigeuza?"

"Sikuweza kuziangalia, Verlie."

Alihamia kwa binti yake Tressa, ambaye ni mke wa mwandishi wa maneno haya. Miezi mitano na nusu. Mwandishi anampenda mama mkwe wake na anasema hivyo mbele ya jeneza, lakini ulikuwa msimu mrefu wa baridi. Alipanga upya kabati zote za jikoni. Jina la Estill halikutajwa mezani. Dwight alipiga simu kutoka Dayton aseme baba ni mzee, asamehewe, akakatiwa simu.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mzee Estill alipanda hadi barazani kwetu, akaacha CD moja ndani ya mfuko wa mkate isilowe, akashuka. Hakubisha hodi. Kila CD ilikuwa na kipindi kimoja kilichosafishwa, na karatasi yenye tarehe na majina ya nyimbo. Mama Verlie aliangalia dirishani, na gari likiondoka alisema, "Lonnie, ingiza ile takataka kabla haijapatwa na theluji." Mwandishi aliingiza. Zilipangwa juu ya mashine ya kufulia nguo, zikafika kumi, zikafika ishirini, hakufungua hata moja. Wakati huohuo, bila kutuambia, Estill alikwenda kwa watoto wote watatu wa Creed Asher, nyumba kwa nyumba, akawaeleza ukweli kuhusu baba yao. Mmoja alimfukuza. Wawili walimpa kiti, na wapo hapa leo.

Jumamosi tarehe 13 Machi 2010 mfuko wa ishirini na nne ulikuwa na karatasi: "Hiki ndicho cha mwisho. Hakuna vingine." Mama Verlie aliisoma mara moja. Kisha akaingia chumba cha kufulia na kicheza CD cha Tressa, akafunga mlango. Vipindi ishirini na vinne ni saa sita. Tressa alisimama nje ya mlango akiwa na kikapu cha nguo chafu, akaondoka, akarudi. Tulisikia gitaa. Tulisikia mtu akilia, halafu, mnisamehe, tukasikia mtu akitukana.

Kesho yake asubuhi alitoka amevaa koti.

"Amekosea," alisema. "Oma yuko chini ya sauti yake ya kweli. Nusu sauti nzima. Anaimba kama ana mafua. Lonnie, lete gari, nipeleke nikamwambie yule mjinga."

Mzee Estill alifungua mlango na sabuni ya kunyolea usoni. Mama mkwe hakumsalimu. "Mashine ya kituo ilikuwa inakimbia," alisema. "Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwambia Asher kila wiki. Kilichorekodiwa kwenye mashine inayokimbia, ukikicheza kwenye iliyo sawa, kinashuka. Umesahau?"

Estill aliweka wembe chini. "Nimesahau," alisema. "Unaikumbuka ilivyokuwa?"

"Nilikuwa nimesimama kando yake, bwana. Nitaacha kuikumbuka?"

Akavua koti akashuka chini kwenye karakana, na mwandishi akarudisha masanduku ya nguo za Mama bila kuambiwa.

Walifanya kazi ile miaka minne. Yeye kwenye kompyuta, Mama kwenye kiti cha kushonea, kidole juu: panda, panda, hapo. Estill akitaka kufuta kishindo fulani Mama alisema, "Kile ni kiatu changu, acha." Akitaka kuacha kingine akaambiwa, "Yule ni panya wa Asher, toa." Kelele za uwanja zilikuwa zimevuja kidogo kutoka nusu ya juu, na walizitoa karibu zote. Wimbo mmoja uliwashinda. Ukisikiliza mwisho wake utamsikia refa anapiga firimbi na kijana wetu mmoja anakosa mtupo huru. Kijana huyo ni miongoni mwa wabeba jeneza leo na ameombwa asijisikie vibaya. Hawakuzungumza habari za kusamehe. Estill hakuuliza. Alimwambia mwandishi kwamba anaogopa kuuliza, kwamba kila asubuhi anasikia mkewe akishuka ngazi za karakana na hilo linamtosha, na kwamba halimtoshi.

Sahani ya Oma ilitoka Oktoba 2014, nyimbo ishirini na sita, kwa kampuni ndogo ya Ohio. Barua zilikuja kutoka mbali, hata Norwe. Estill hakutaka jina lake litajwe popote. Mama Verlie aliandika maneno ya jalada mwenyewe akayapeleka posta bila kumwonyesha. Mwisho wake panasomeka: "Kanda hizi zilifutwa na Estill Napier, 1966. Zimerudishwa na Estill Napier, 2014." Mzee aliposoma alikaa kwenye ngazi, akasema, "Sawa. Hivyo ndivyo," akaenda kununua nakala sita.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Novemba 2021. Alilazwa Lexington mara tatu, na Januari mwaka huu madaktari walimruhusu arudi nyumbani na mashine ya hewa, kwa kuwa hapakuwa na la zaidi. Familia inawashukuru wauguzi waliokuwa wakipanda bonde lile na matairi yenye minyororo. Mzee alikuwa mgonjwa mwepesi, ila aliifungua mashine ya hewa mara moja kuona inafanyaje kazi, na alikaripiwa.

Jumatano tarehe 8 Machi, mchana, Mama Verlie alikuwa anamlisha mchuzi wa kuku. Tressa na mwandishi walikuwamo chumbani. Mzee alisukuma kijiko kando.

"Verlie. Nataka kukuuliza, maana sitapata nafasi nyingine. Ulishanisamehe?"

Mama alifuta kijiko. "Nilikusamehe siku ile niliporudi," alisema. "Nilipokuona na sabuni usoni."

Mzee alimkodolea macho. "Miaka kumi na mitatu? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafanya kazi vizuri, Estill. Niliogopa nikikuambia utalegea." Akachota mchuzi tena. "Baadaye nikawa naona aibu kusema kwamba nilichelewa kusema. Wewe ulinificha miaka arobaini, mimi nimekuficha kumi na mitatu. Sasa kula."

Mzee Estill alicheka. Alicheka hadi mashine ikapiga kengele na muuguzi akaja mbio, na alipoulizwa ana nini akamwonyesha mkewe kwa kidole, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Mama Verlie naye alikuwa analia. Alimshika ule mkono uliokuwa unamwonyesha, na hakuuachia hadi jioni. Mzee alifariki Ijumaa tarehe 10 Machi 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Wamemtangulia wazazi wake, ndugu zake saba, na shemeji yake Oma. Ameacha mjane, Verlie Sizemore Napier. Binti, Tressa, na mumewe Lonnie Hall. Mwana, Dwight, na mkewe Charlene, wa Dayton. Dada, Oneida Gross, wa Hamilton, Ohio. Wajukuu wanne, Colby, Jolene, Wesley na Rhoda. Na vitukuu wawili. Baada ya ibada chakula kipo ukumbi wa kanisa, na Mama amesema asiondoke mtu na njaa.

Mama ameniomba pia neno la mwisho liwe lake. Estill akimkuta Oma huko alikokwenda, amwambie ukweli wa kanda yeye mwenyewe, siku ya kwanza, asingoje. Akishamaliza, apumzike kwa amani.